Kadi ya grafiki kwenye Linux: draiva unayoitafuta huenda tayari unayo

Aliyezoea Windows akihamia Linux, mkono humwenda wenyewe: anafungua tovuti ya kampuni iliyotengeneza kadi yake ya grafiki, anachagua modeli, anapakua faili la mamia ya megabaiti, kisha anatafuta pa kubofya mara mbili. Kwenye Windows ndivyo mambo yanavyokwenda. Kwenye Linux hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuifikia skrini nyeusi, na mtu akishafika huko hulaumu Linux nzima, au kadi, au fundi aliyemuuzia mashine.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na zile kompyuta za mezani zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani kabla ya kuuzwa upya Kariakoo au Nairobi, Dell OptiPlex na wenzake, nyingi hazina sifa za kupokea Windows 11. Mashine bado nzima, RAM inatosha, SSD ya bei nafuu imeshawekwa. Linux inaingia bila matata. Kisha mwenyewe anaikumbuka ile kadi ya NVIDIA aliyoipachika ili acheze gemu au ahariri video, anauliza: draiva yake naipata wapi?

Maelekezo mengi hukimbilia amri za kunakili na kuruka jambo la msingi. Draiva ya grafiki kwenye Linux si kitu kimoja. Ni vipande viwili, na karibu kila tatizo utakalokutana nalo linatokana na vipande hivyo kutoelewana.

Kipande cha kwanza kinakaa ndani ya kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa moja kwa moja. Hiki ndicho kinachoigawia kadi kumbukumbu, kinachopandisha na kushusha kasi ya chipu, kinachoamua monita ionyeshe picha ya ukubwa gani. Kipande cha pili kiko nje ya kerneli: ni maktaba za programu zinazopokea maagizo ya OpenGL au Vulkan, yaani lugha ambazo programu hutumia kuagiza picha, kutoka kwenye gemu, Blender au kivinjari, na kuyageuza yawe maagizo ambayo chipu yako inayaelewa. Gemu linaongea na maktaba, maktaba inaongea na kerneli. Pembeni yao kuna fimuea, programu ndogo ambayo kerneli huipakia ndani ya kadi wakati mashine inawaka.

Vipande hivi viwili lazima viwe vya rika moja. Mwenye NVIDIA huliona hili waziwazi siku mfumo umejiapdeti bila yeye kuzima mashine. Anaandika `nvidia-smi`, anajibiwa: `Failed to initialize NVML: Driver/library version mismatch`. Maktaba mpya imeshakaa kwenye diski, lakini moduli, yaani kile kipande cha kerneli, iliyomo kwenye RAM bado ni ya zamani. Dawa yake ni kuzima na kuwasha, basi. Nimeona watu wakifuta kila kitu chenye jina la NVIDIA kwa sababu ya mstari huo mmoja, halafu ndipo tatizo la kweli linapoanza.

Kwanza ijue kadi yako

Usiamini boksi, wala stika, wala maneno ya muuzaji. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

`lspci -nnk | grep -iEA3 'vga|3d'`

Utapata kitu cha namna hii:

`01:00.0 VGA compatible controller [0300]: NVIDIA Corporation GK208B [GeForce GT 710] [10de:128b]`
`Kernel driver in use: nouveau`

Kuna mambo matatu ya kusoma hapo. Tarakimu za mwanzo kwenye mabano ya mwisho zinakutajia kampuni: 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. `GK208B` ni jina la chipu yenyewe, na hilo lina uzito kuliko jina la biashara. GT 730, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na chipu tofauti chini ya jina lilelile: nyingine ni GF108 ya kizazi cha Fermi, nyingine ni GK208 ya kizazi cha Kepler, na draiva ya NVIDIA ya moja si ya nyingine. Mstari wa chini unakuambia ni draiva gani imeishika kadi sasa hivi. Ukiona `amdgpu`, `i915` au `xe`, kipande cha ndani ya kerneli kimeshashika kazi na huenda huna la kufanya zaidi ya kufungua gemu lako.

Na ukiwa hapo, chungulia nyuma ya kasha. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya kupachika huwa na matundu ya monita mahali pawili: juu, kwenye ubao mama, na chini, kwenye kadi. Kebo ikichomekwa juu, picha inatoka kwenye Intel ya ndani ya prosesa huku kadi uliyoilipia imelala. Hakuna draiva itakayoponya hilo.

AMD na Intel: hakuna cha kupakua

Hili wengi hawaliamini mpaka walione. Kwa kadi za AMD na Intel, kipande cha kerneli kimo ndani ya kerneli yenyewe, na maktaba zinatoka kwenye mradi mmoja wa wazi unaoitwa Mesa, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Vyote viwili vinakuja na distro yako, yaani aina ya Linux uliyosakinisha, iwe Ubuntu, Mint, Fedora au Debian. Unasakinisha mfumo, unawasha, kadi inafanya kazi.

Haikuwa hivyo zamani. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na kwa miaka mingi wenye Radeon walihangaika na draiva ya kufungwa iliyoitwa fglrx, ambayo ilikuwa mateso kila kerneli ilipobadilika. Mwaka 2007 AMD ilianza kuwapa watengenezaji wa draiva huria nyaraka za chipu zake. Mwaka 2015 draiva ya `amdgpu` ikaingia kwenye Linux 4.2, na Ubuntu 16.04 ilipotoka, fglrx ikaachwa. AMD bado ina pakeji ya Linux kwenye tovuti yake, lakini hiyo ina maana zaidi kwa anayefanya hesabu nzito au kufundisha modeli za akili bandia kwa ROCm, programu za AMD za kufanyia hesabu kwenye kadi. Kwa kazi za kila siku na gemu, iache huko huko.

Kuna hali moja inayowakwamisha wenye AMD na Intel: kadi mpya kwenye mfumo wa zamani. Radeon RX 9070 iliingia sokoni Machi 2025. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 ikiwa na kerneli 6.8, ambayo haikuwa na habari yoyote ya kadi hiyo. Hapo tatizo halimalizwi na draiva ya kupakua, bali na kerneli na Mesa mpya zaidi. Kwenye Ubuntu 24.04 kuna `sudo apt install linux-generic-hwe-24.04`, au usakinishe distro inayokwenda na wakati kama Fedora. Ukweli ni kwamba mwenye kadi ya miaka mitano iliyopita ana raha kuliko aliyenunua ya wiki iliyopita.

NVIDIA, kwenye kesi yenyewe

Kerneli ya Linux haina ahadi kwa draiva zilizo nje yake. Namna sehemu zake za ndani zinavyoitana hubadilika toleo hadi toleo, na watengenezaji wake wamekataa kwa makusudi kuzigandisha. Draiva iliyo ndani ni kama mtoto wa nyumbani: familia ikihama, inahama naye, kwa maana aliyebadilisha kerneli ndiye anayelazimika kurekebisha na draiva zote zilizomo. Draiva ya nje inaikuta nyumba imefungwa. NVIDIA ilichagua kukaa nje, na chimbuko la usumbufu ni hilo. Ndiyo maana Juni 2012, kwenye chuo kikuu cha Aalto huko Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliinyooshea kampuni hiyo kidole cha matusi mbele ya kamera.

Tangu Mei 2022 mambo yamelegea. NVIDIA ilitoa msimbo wa moduli zake za kerneli kwa leseni huria za MIT na GPL, kwa kuanzia na toleo 515, na kuanzia 560 mwaka 2024 moduli hizo za wazi ndizo zinazopendekezwa. Lakini usidanganyike na neno "wazi". Kilichofunguliwa ni kipande cha kerneli tu. Maktaba za nje bado zimefungwa, na sehemu kubwa ya akili ya draiva imehamishiwa kwenye fimuea inayoendeshwa na prosesa ndogo ya GSP ndani ya kadi. Kadi za kabla ya kizazi cha Turing, yaani kabla ya RTX 20 na GTX 16, hazina GSP, kwa hiyo moduli za wazi haziziwezi.

Kwa hiyo ukiwa na NVIDIA, swali la kwanza ni rika la chipu. Wenye RTX 50 hawana uchaguzi: kadi zao zinataka moduli za wazi tu. Kuanzia GTX 16 na RTX 20 hadi RTX 40, moduli za aina zote mbili zinakubali, na za wazi ndizo nitakazomshauri mtu. Wenye GTX 750, GTX 900 na GTX 10 wanahitaji moduli za kufungwa, na toleo 580 ndilo la mwisho kuwahudumia. Hili liliwauma watu wa Arch Desemba 2025: distro ilipohamia toleo 590, mwenye GTX 1060 aliyeapdeti bila kusoma tangazo aliwasha mashine akakuta draiva haipakii, ikambidi aitafute 580 kwenye AUR, ghala la pakeji zinazoandaliwa na watumiaji wenyewe. Nyuma zaidi, Kepler iliishia 470, ambayo masahihisho yake yalikoma 2024, na Fermi iliishia 390, ambayo ilikoma mwishoni mwa 2022.

Vipi kuhusu nouveau, ile draiva huria uliyoiona kwenye jibu la `lspci`? Iliandikwa na watu wa kujitolea kwa kuichunguza kadi kutoka nje, na imo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.33 la mwaka 2010. Kufaa kwake kunategemea kadi. Kuanzia GTX 900, NVIDIA ilitaka fimuea yenye saini yake ili chipu ikubali kupandishwa kasi, na nouveau haikupewa fimuea ya kazi hiyo. Matokeo yake GTX 1060 inayoendeshwa na nouveau inabaki kwenye kasi ya chini ya kuwakia. Desktopu inaonekana, video zinacheza, lakini gemu linaburuta miguu. Kuanzia Turing, nouveau nayo inaweza kuitumia GSP tangu kerneli 6.7, na Mesa ina draiva ya Vulkan iitwayo NVK inayozidi kukomaa.

Kwa ile GT 710 au Quadro ndogo ya Kepler iliyokuja na kompyuta ya mtumba, msimamo wangu ni huu: baki na nouveau. Draiva 470 inakataa kujengwa kwenye kerneli mpya bila viraka, na haikai vizuri na Wayland, mfumo wa kisasa wa kuonyesha desktopu, kwa sababu NVIDIA ilianza kuunga mkono GBM, njia ambayo desktopu nyingi za Wayland zinaitegemea, kwenye toleo 495. Kuisumbukia kadi ambayo hata kwenye Windows ilikuwa ya kuonyesha Excel ni kujitafutia kazi.

Kusakinisha, sasa

Kwa wenye kadi zinazostahili, kanuni ni moja: pata draiva kutoka kwa distro, usiichukue kwenye tovuti ya NVIDIA. Faili la `.run` linaloshushwa pale linaweka mafaili yake kwenye mfumo bila msimamizi wa pakeji kujua. Wiki mbili baadaye kerneli inaapdeti, moduli haikujengwa upya, na `apt`, ndiye msimamizi huyo kwenye Ubuntu na Debian, haijui kama kuna kitu kimevunjika. Kama ulishalitumia, liondoe kwanza kwa `sudo nvidia-uninstall` kabla ya kujaribu lolote jingine.

Kwenye Ubuntu, andika `ubuntu-drivers devices` uone toleo lililoandikwa `recommended`, kisha `sudo ubuntu-drivers install`. Ukipenda kubofya, fungua "Software & Updates", sehemu ya "Additional Drivers". Mint ina "Driver Manager" kwenye menyu yake, na kwa anayeanza ndiyo njia rahisi kuliko zote. Debian inataka kwanza uongeze `contrib`, `non-free` na `non-free-firmware` kwenye orodha ya hazina zake, yaani maghala ya pakeji, kisha `sudo apt install linux-headers-amd64 nvidia-driver`.

Fedora ina mtego wake. Unawezesha hazina ya RPM Fusion, unaandika `sudo dnf install akmod-nvidia`, amri inamaliza, unafurahi, unawasha upya. Kumbe kazi haikuwa imekwisha. `akmod` inajenga moduli kimyakimya baada ya amri kumaliza, na huchukua dakika kadhaa, zaidi kwenye prosesa ya zamani. Kabla hujawasha upya andika `modinfo -F version nvidia`. Ikitoa namba ya toleo, washa upya. Ikitoa kosa, subiri.

Kujenga huko ndiko kunakofanywa na DKMS kwenye Ubuntu na Debian: kila kerneli mpya inapoingia, moduli inaandaliwa upya ili ilingane nayo. Inahitaji mafaili ya `linux-headers` ya kerneli hiyo hiyo. Yakikosekana, hakuna moduli. Na jiandae na bando, maana pakeji za NVIDIA ni mamia ya megabaiti. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, usianze kufuta; washa mashine, ingia hata kwenye skrini ya maandishi, uandike `sudo dpkg --configure -a` ili kazi iendelee pale ilipokatikia.

Ile skrini ya bluu

Secure Boot, ule ulinzi wa kompyuta unaokagua saini za programu wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa, kerneli inakataa moduli yoyote isiyo na saini inayoitambua. Ubuntu ina moduli za NVIDIA zilizokwisha kusainiwa na Canonical, kampuni inayoitengeneza Ubuntu, kwa kerneli zake za kawaida, na `ubuntu-drivers` huzipa kipaumbele, kwa hiyo wengi hawaligusi suala hili. Lakini moduli ikijengwa na DKMS kwenye mashine yako, inasainiwa kwa ufunguo wako mwenyewe, na ufunguo huo ni lazima uusajili.

Wakati wa kusakinisha utaombwa utunge nywila. Itunge rahisi, ya herufi na tarakimu tu, kwa sababu utaiandika bila kuona kitu, kwenye kibodi iliyopangwa Kimarekani. Ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu: `Perform MOK management`, na chini yake sekunde 10 zinahesabiwa kurudi nyuma. Wengi hudhani ni kosa la Windows wakasubiri ipite. Ikipita, mashine inawaka kama kawaida bila draiva. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, kisha `Continue`, kisha `Yes`, andika ile nywila, halafu `Reboot`.

Dalili ya aliyeikosa skrini hiyo inasomeka hivi: `sudo modprobe nvidia` inajibu `Key was rejected by service`. Draiva yenyewe haina kasoro. Kwenye Ubuntu omba usajili upya kwa `sudo update-secureboot-policy --enroll-key`, washa tena, na safari hii uwe mbele ya kibodi. Kuna wanaozima Secure Boot kabisa kwenye BIOS. Kwa kompyuta ya nyumbani siwezi kumlaumu mtu, ila ya ofisini muulize kwanza anayehusika na usalama.

Ukikuta giza

Skrini nyeusi baada ya kuwasha mara nyingi inamaanisha desktopu imeshindwa kuanza huku mashine iko hai nyuma yake. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukipata mahali pa kuingiza jina na nywila, umeshapona nusu. `dkms status` itakuonyesha moduli imejengwa kwa kerneli zipi. Ulinganishe na jibu la `uname -r`. Kama kerneli unayoitumia haimo kwenye orodha, andika `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)` kisha `sudo dkms autoinstall`, uangalie kama inamaliza bila kosa. Ukitaka kujua kilichotokea safari iliyopita kabla ya giza, `journalctl -k -b -1` inakutolea maneno ya kerneli ya uwashaji uliotangulia.

Kama hata Ctrl+Alt+F3 haijibu, washa upya na uingie menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, chagua "Advanced options", halafu kerneli ya zamani. Mara nyingi hiyo inatosha kwa siku ile. Isipotosha, kwenye GRUB bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset`, bonyeza Ctrl+X. Neno hilo linaizuia kerneli kuigusa kadi kwa undani, na unapata picha ya kufanyia ukarabati.

Sasa angalia: `nomodeset` ni ya ukarabati tu. Kuna maelekezo mengi yanayomwambia mtu aiandike moja kwa moja kwenye `/etc/default/grub`, naye anaisahau humo miezi. Kadi inakaa bure, prosesa inachora kila kitu peke yake, na mwenyewe anasema Linux ni nzito. Andika `glxinfo -B` (iko kwenye pakeji ya `mesa-utils`) utazame mstari wa `OpenGL renderer string`. Mstari huo ukitaja jina la kadi yako, mambo sawa. Ukitaja `llvmpipe`, ujue prosesa ndiyo inayobeba mzigo: futa `nomodeset`, andika `sudo update-grub`, washa upya.

Mambo yakiwa yamevurugika kupita kiasi, matoleo mawili yamechanganyika na hujui lipi limetoka wapi, rudi mwanzo: `sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`, kisha `sudo apt autoremove`, uwashe upya. Nouveau itaishika kadi, utapata desktopu ya kawaida, na kutoka hapo `ubuntu-drivers install` inaanza kwenye uwanja safi.